Kuijua Jumla kwa Sehemu: Kufundisha Sampuli Nasibu katika Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi

Mfanyabiashara wa nafaka anayenunua magunia mia moja hana nafasi ya kuyamwaga yote sakafuni ili aone kilichomo. Huchukua bambo, akalichoma gunia hapa na pale, nafaka kidogo ikamtiririkia kiganjani, naye kwa kiasi hicho kidogo huamua bei ya mzigo mzima. Lakini mnunuzi mzoefu hachomi mdomoni mwa gunia tu, maana anajua kuwa muuzaji mjanja huweka mahindi mazuri juu na pumba chini. Huchoma juu, kati na chini. Tena huchagua magunia mwenyewe bila kungoja kuonyeshwa na mwenye mali. Katika desturi hiyo ya sokoni imo kanuni nzima ya somo tunalolieleza hapa: sehemu yaweza kutujulisha jumla, mradi sehemu hiyo isichaguliwe na mtu mwenye lake, wala isichukuliwe mahali palipo rahisi kufikiwa tu.

Makala haya yamekusudiwa wanachuo wanaojiandaa kufundisha Hisabati katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Kwanza yataeleza maana ya maneno yanayotumika. Pili yatatoa andalio la somo linaloweza kufundishwa kwa zana za bei nafuu. Tatu yataonyesha jinsi mwalimu mwenyewe anavyotumia sampuli kila siku, ajue asijue. Mwanachuo asiiruke sehemu hiyo ya tatu. Mwalimu asiyejua kuchagua sampuli huamua mambo ya watoto kwa ushahidi mbovu, na watoto ndio wanaolipa gharama yake.

1. Maana ya maneno

Kundi zima ni jumla ya watu au vitu tunavyotaka kuvijua: wanafunzi wote wa shule, magunia yote ya ghala, kaya zote za wilaya. Sampuli ni sehemu ya kundi hilo tunayoichunguza badala ya kulichunguza lote. Sampuli nasibu ni ile ambayo kila mmoja katika kundi zima ana nafasi sawa ya kuchaguliwa, na uchaguzi wenyewe huamuliwa na kura, si na hiari ya mtu. Upendeleo, katika somo hili, si lazima uwe na maana ya kujuana. Ni hali ya sampuli kuelemea upande mmoja, hata kama mchaguzi hakukusudia.

Mwanachuo atofautishe vizuri kati ya nasibu na ovyo. Mwalimu anayefumba macho akaokota madaftari manane yaliyo juu ya rundo hakuchagua kwa nasibu, amechagua ovyo. Madaftari ya juu ni ya watoto waliomaliza mwisho, au ni ya wale wanaokaa karibu na meza. Nasibu hudai kazi: kila daftari lipewe namba, namba ziandikwe katika vikaratasi vinavyolingana, vikaratasi vichanganywe, kisha vitolewe bila kutazamwa.

2. Wingi peke yake hautoshi

Watu wengi hudhani kuwa sampuli kubwa ni nzuri kwa sababu tu ni kubwa. Uko mfano maarufu unaoipinga dhana hiyo. Mwaka 1936 Marekani ilikuwa na uchaguzi wa rais kati ya Franklin Roosevelt na Alf Landon. Jarida la Literary Digest lilituma kadi milioni 10 kuwauliza wananchi watampigia nani kura, likapokea majibu zaidi ya milioni 2.3. Kwa majibu hayo lilitangaza kuwa Landon angeshinda kwa asilimia 57. Uchaguzi ulipofanyika, Roosevelt alipata karibu asilimia 61 ya kura, na Landon alishinda katika majimbo 2 tu kati ya 48.

Kosa lilikuwa wapi? Majina mengi yalitolewa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Katika miaka ile ya dhiki ya uchumi, mwenye simu au gari mara nyingi alikuwa mtu mwenye nafuu, na maskini, ambao wengi wao walimtaka Roosevelt, hawakuonekana sana katika orodha hizo. Tena, kati ya watu milioni 10 walioandikiwa, hata robo hawakujibu. Nao wanaojitahidi kujibu si lazima wafanane na wanaonyamaza. Hivyo palikuwa na mapendeleo mawili: la orodha na la majibu. Kuongeza kadi milioni nyingine kwa njia ileile kusingetibu lolote. Ni sawa na kulichoma gunia mara mia, zote mdomoni.

Mwaka huohuo George Gallup, kwa kuwauliza watu wachache mno kuliko hao, alibashiri kwa usahihi kuwa Roosevelt atashinda. Lakini hata njia yake haikuwa ya nasibu. Wahojaji walipewa hesabu ya watu wa kila aina wa kuwahoji, kisha wakaachiwa kuchagua nani wa kumwendea. Mwaka 1948 njia hiyo ilimwangusha: alibashiri ushindi wa Thomas Dewey, akashinda Harry Truman. Hiari ya mhojaji, hata iwe ya nia njema, haitoshi kushika mahali pa kura.

3. Andalio la somo

Darasa: la tano au la sita. Muda: vipindi viwili vya dakika 40, vikifuatana.

Lengo: Mwishoni mwa somo kila mwanafunzi aweze (a) kuchota sampuli kwa nasibu, (b) kukadiria idadi katika kundi zima kwa kutumia uwiano, (c) kueleza kwa nini sampuli mbili za kundi moja hutofautiana.

Zana: Kasha moja lenye vizibo vya soda 400, ambavyo 120 vimepakwa rangi nyekundu. Rangi isiwe nzito hata vidole vikaweza kuihisi. Mwalimu asitumie kunde na maharage badala ya vizibo: mbegu za ukubwa tofauti zikitikiswa, ndogo huzama na kubwa hupanda, na uchaguzi haubaki nasibu. Idadi ya vyekundu ibaki siri ya mwalimu. Jumla ya 400 waambiwe.

Hatua ya kwanza: Utangulizi. Mwalimu aandike ubaoni methali "Samaki mmoja akioza, wote wameoza", kisha aulize: Mvuvi akikuta samaki mmoja ameoza katika tenga lenye samaki mia, je, ni kweli kuwa wote wameoza? Wanafunzi wabishane kidogo. Waongozwe kuona kuwa methali hiyo inaonya juu ya mtu mmoja kuliharibia sifa kundi lake. Haikutungwa kufundisha hesabu. Anayetaka kujua hali ya tenga zima atazame zaidi ya samaki mmoja, tena asitazame wa juu tu.

Hatua ya pili: Kubashiri. Kila kikundi, kati ya vikundi vinane, kitikise kasha bila kulifungua na kuandika ni vizibo vingapi vyekundu wanavyodhani vimo. Mabashiri haya yatatofautiana sana. Yaachwe ubaoni, yatafaa baadaye.

Hatua ya tatu: Kuchota. Mwanafunzi wa kikundi achote vizibo 10 bila kutazama. Vyekundu vihesabiwe, idadi iandikwe, vizibo vyote virudishwe, na kasha litikiswe vizuri kabla ya mwingine kuchota. Kila kikundi kichote mara tano. Darasa zima litapata sampuli 40.

Hatua ya nne: Chati. Mwalimu achore mstari ubaoni wenye namba 0 hadi 10. Kwa kila sampuli aweke alama ya mkasi juu ya namba ya vyekundu vilivyopatikana. Pole kwa pole chati itapanda kama kichuguu, kilele chake karibu na namba 3.

Mwalimu anapaswa kujua mapema atakachokiona. Katika sampuli za vizibo 10, kiasi cha saba katika kila kumi zitakuwa na vyekundu 2, 3 au 4. Zaidi ya tisa katika kila kumi zitakuwa kati ya 1 na 5. Lakini katika sampuli 40, mbili au tatu hivi zaweza kuwa za kushangaza: hazina chekundu hata kimoja, au zina 6 na kuzidi. Mwalimu asiseme kuwa kikundi hicho kimekosea. Hawakukosea, nasibu ndiyo tabia yake. Hapa ndipo kiini cha somo kilipo, na mwalimu asiyepaelewa atawafundisha watoto kuona aibu kwa jambo lisilo kosa.

Hatua ya tano: Kukadiria. Kikundi kilichopata vyekundu 2 katika 10 kitakadiria hivi: 2/10 × 400 = 80. Kilichopata 4 kitakadiria 160. Wanafunzi waulizwe: Kasha ni moja, imekuwaje makadirio mawili? Jibu linalotakiwa ni kwamba kila sampuli ni sehemu tu, na sehemu hutofautiana. Kisha matokeo yote 40 yajumlishwe. Vizibo vilivyochotwa kwa jumla ni 400 (vingine vimetoka zaidi ya mara moja), na sehemu ya vyekundu itakaribia sana 30 katika 100.

Hatua ya sita: Sampuli kubwa zaidi. Vikundi vichote sasa vizibo 40 kwa mara moja. Takriban mara 19 katika kila 20 vyekundu vitakuwa kati ya 7 na 17, na vingi vitakuwa karibu na 12. Makadirio ya vikundi yatakuwa yamekaribiana kuliko yale ya mwanzo.

Hatua ya saba: Kuhakikisha. Kabla ya kufungua kasha, kila kikundi kiandike kadirio lake pamoja na mipaka yake, kwa mfano: "Tunakadiria vyekundu ni 110, hatudhani kuwa ni chini ya 70 wala zaidi ya 160." Kisha vizibo vihesabiwe mbele ya darasa, na makadirio yalinganishwe na yale mabashiri ya hatua ya pili. Mwalimu amalizie kwa kukumbusha kuwa katika maisha kasha la namna hii halifunguliwi. Ndiyo sababu ya kutaja mipaka: anayetoa namba moja tupu amedai ujuzi asio nao.

4. Kuchanganya ni kazi, si desturi tu

Wanafunzi watachoka kutikisa kasha, na mwalimu atashawishika kuwaachia. Asikubali. Tarehe 1 Desemba 1969 Marekani ilifanya bahati nasibu ya kuamua vijana gani waitwe kwanza jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Siku zote 366 ziliandikwa na kutiwa katika vidonge vya plastiki, kisha vikatolewa kimoja kimoja. Waliozaliwa siku iliyotoka mapema ndio walioitwa mapema. Vidonge vilitiwa mwezi baada ya mwezi, navyo havikuchanganywa vya kutosha. Kama vingechanganywa sawasawa, wastani wa nafasi za kila mwezi ungekaribia 183. Matokeo yakawa kwamba wastani wa siku za Januari ulikuwa karibu 201 na wa Desemba karibu 121, maana yake vidonge vya miezi ya mwisho vilielekea kutoka mapema. Kijana wa Desemba alikuwa katika hatari kubwa kuliko wa Januari, na sababu ni uvivu wa kuchanganya. Bahati nasibu ya mwaka uliofuata ilipangwa upya kwa uangalifu zaidi.

5. Sampuli iwe kubwa kiasi gani?

Hapa mwanachuo ashike kanuni mbili.

Kanuni ya kwanza: kosa hupungua polepole kuliko sampuli inavyokua. Kipimo chepesi ni kugawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli, yaani kwa namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huleta idadi hiyo. Sampuli ya watu 100 hutupa kosa la asilimia 10 hivi juu au chini. Ya watu 400, asilimia 5. Ya watu 1,600, asilimia 2.5. Mipaka hiyo huushika ukweli takriban mara 19 katika 20. Basi anayetaka kupunguza kosa kwa nusu hana budi aikuze sampuli mara nne, kama tulivyofanya tulipotoka kwenye vizibo 10 kwenda 40.

Kanuni ya pili huwashangaza wengi: maadamu kundi zima ni kubwa sana kuliko sampuli, ukubwa wa kundi hilo hauna athari kubwa katika kosa. Mpishi wa nyumbani na mpishi wa karamu huonja mchuzi kwa kijiko kilekile. Aliyekoroga vizuri hahitaji kunywa bakuli zima kwa sababu sufuria ni kubwa. Asiyekoroga, hata bakuli halitamsaidia.

Kwa kanuni hizi nchi nzima huweza kuchunguzwa kwa watu wachache. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Mwaka huohuo utafiti wa afya ya uzazi na ya watoto uliwahoji wanawake wapatao 15,000 wa umri wa miaka 15 hadi 49, nao ukatoa makadirio ya taifa zima. Kwanza yalichaguliwa maeneo kwa nasibu, kisha ndani ya kila eneo zikachaguliwa kaya kwa nasibu. Mhojaji hakuruhusiwa kumwacha mtu wa nyumba ya mbali akamwendea wa karibu na barabara.

Kwa walimu uko mfano ulio karibu zaidi. Utafiti wa Uwezo, ulioanzishwa mwaka 2009 katika Kenya, Tanzania na Uganda, uliwapima watoto kusoma na kuhesabu kwa kiwango cha darasa la pili. Watoto walipimwa majumbani, katika kaya zilizochaguliwa kwa kura, wala si madarasani. Kwa nini? Kwa sababu anayepima walio darasani siku hiyo hawezi kusema neno juu ya watoto wote wa kijiji. Mgonjwa, mtoro, mchungaji wa mbuzi na asiyeandikishwa kabisa hawamo katika gunia lake. Hitimisho halivuki mpaka wa kundi ambalo sampuli ilitolewa.

6. Mwalimu na sampuli zake

Sasa tuje darasani. Mwalimu amemaliza kueleza kugawanya sehemu, akauliza: "Mmeelewa?" Darasa likaitikia: "Ndiyo, mwalimu!" Akauliza swali, mikono sita ikanyooshwa, akamchagua mmoja, akapata jibu sahihi, akaendelea na mada nyingine. Ameamua juu ya watoto 48 kwa sampuli ya mmoja, tena aliyejichagua mwenyewe. Hili ni kosa lilelile la mwaka 1936, nalo hufanyika mara nyingi kila siku. Mtoto wa dawati la nyuma ambaye hanyooshi mkono huhesabiwa kuwa ameelewa, mwezi hata mwezi, mpaka mtihani unapomfichua wakati umekwisha kupita.

Dawa yake ni rahisi. Mwalimu awe na vizibo 48 vyenye namba za wanafunzi kama zilivyo katika daftari la mahudhurio. Baada ya maelezo, darasa zima lifanye swali moja katika madaftari. Kisha atoe namba 8 kwa kura na kuyatazama madaftari hayo 8 papo hapo. Tuseme 5 kati ya 8 wamekosa. Je, yawezekana kuwa darasa limeelewa na kura imemkuta kwa bahati mbaya? Tufanye kwamba walioelewa ni 40 na wasioelewa ni 8 tu. Hesabu ya uwezekano huonyesha kuwa kuwapata 5 au zaidi wa kundi hilo la 8 katika sampuli ya 8 hutokea chini ya mara mbili katika kila mara elfu moja. Basi mwalimu asijidanganye: lazima arudie. Kazi ya dakika tatu imemtolea ushahidi ambao itikio la darasa zima halikuweza kuutoa.

Yako mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, namba iliyotoka irudishwe kabla ya kura ya siku nyingine. Mtoto ajuaye kuwa zamu yake imekwisha hupumzika. Pili, mwalimu anayechagua kwa kuruka namba ajihadhari na mpangilio. Watoto wakikaa watatu katika kila dawati, na mwalimu akahesabu kila wa tatu kwa kufuata madawati, atawapata wa ukingo mmoja tu, na hao huenda ndio wenye kukaa karibu na dirisha. Tatu, sampuli hutoa habari za darasa, haitoi habari za mtoto mmoja mmoja. Inamsaidia mwalimu kuamua kama arudie somo au aendelee. Haimpi ruhusa ya kuacha kusahihisha madaftari 40 yaliyosalia.

7. Mazoezi kwa wanachuo

(a) Mwalimu mkuu anataka kujua ni wanafunzi wangapi wanaokuja shuleni bila kunywa chai asubuhi. Anawauliza watoto 30 wa kwanza kufika langoni. Taja mapendeleo mawili yanayoweza kuwamo, kisha pendekeza njia bora.

(b) Katika sampuli nasibu ya wanafunzi 50 kutoka shule yenye wanafunzi 800, wanafunzi 20 hawana kitabu cha Hisabati. Kadiria idadi ya wasio na kitabu katika shule nzima. Tumia kipimo chepesi cha sehemu ya 5 kutaja mipaka ya kadirio lako.

(c) Andaa kasha la vizibo kwa uwiano unaoujua wewe peke yako, umpe mwenzako afuate hatua ya tatu hadi ya saba. Andikeni pamoja taarifa fupi ya mambo ambayo mwanafunzi wa darasa la tano angeyaona magumu.

(d) Katika mazoezi ya kufundisha, hesabu kwa wiki moja ni watoto wangapi tofauti waliokujibu kwa kunyoosha mkono. Wiki inayofuata tumia kura. Linganisha orodha mbili hizo, kisha mweleze mkufunzi wako majina yaliyotokea katika orodha ya pili tu.